Unapunguza ugali? Chunga yogati unayonunua

Na Daktari Wetu

WATU wengi mijini siku hizi wanapunguza ugali, wali, chapati na mkate. Baadhi yao wameshauriwa na daktari kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari. Wengine wanataka kupunguza uzito, hasa mafuta ya tumboni. Huenda nawe msomaji ni mmoja wao.

Mtu akiacha ugali wa jioni, hutafuta kitu kingine cha kujaza nafasi hiyo. Wengi hukimbilia yogati. Hujiambia kwamba haya ni maziwa, na maziwa ni afya. Akitoka kazini hupitia supamaketi, akachukua pakiti yenye picha ya stroberi au embe, akaenda nyumbani akiwa ameridhika. Asilolijua ni kwamba pengine amebeba wanga unaokaribia ule alioukimbia kwenye sufuria ya ugali.

Yogati ni chakula kizuri sana kwa anayepunguza wanga. Lakini si kila kitu kinachouzwa kwa jina hilo kinamfaa. Inayomfaa ni yogati ya maziwa yenye mafuta yake yote, isiyotiwa sukari wala ladha. Katika makala haya nitakueleza kwa nini, jinsi ya kuitambua dukani, jinsi ya kuitengeneza jikoni kwako, na jinsi ya kuila ukaifurahia.

Hesabu ndogo ya wanga

Wanga ni sehemu ya chakula ambayo mwili huigeuza kuwa sukari kwenye damu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 70 na zaidi. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 13. Kijiko kimoja kidogo cha sukari kina gramu 4, kwa hivyo kikombe cha chai chenye vijiko viwili kina gramu 8 za sukari hata kabla ya kuhesabu maziwa.

Madaktari wengi wakizungumzia lishe ya wanga kidogo huwa na maana ya chini ya gramu 130 kwa siku. Wako wanaoshuka hadi gramu 50 au chini ya hapo, lakini hao wanahitaji kusimamiwa kwa karibu.

Sasa tutazame yogati. Ile isiyotiwa kitu, ya maziwa kamili, ina wanga wa karibu gramu 5 katika kila gramu 100, pamoja na protini gramu 3 hadi 4 na mafuta zaidi ya gramu 3. Ukila kikombe cha gramu 250 utakuwa umekula wanga wa takriban gramu 12, yaani karibu kipande kimoja cha mkate. Hicho ni kiasi ambacho karibu kila mtu anayepunguza wanga anaweza kukimudu.

Yogati iliyotiwa sukari na ladha mara nyingi ina wanga wa gramu 12 hadi 16 katika gramu 100. Tuchukue 14. Kikombe kile kile cha gramu 250 sasa kina gramu 35. Ukiondoa zile 12 za maziwa yenyewe, zinabaki gramu 23 za sukari iliyoongezwa, ambazo ni karibu vijiko sita. Ni nani kati yetu angekubali kuwekewa vijiko sita vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai?

Mwalimu aliyeacha ugali

Kuna mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 52, ambaye alikuwa akija kliniki yangu kwa ajili ya kisukari. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 11. Ikumbukwe kwamba kipimo hicho kikifika 7 na kurudia hivyo, tayari tunasema mtu ana kisukari. Dawa alikuwa akimeza bila kukosa. Tulikuwa tumefikia hatua ya kuzungumzia sindano ya insulini, na jambo hilo lilimtia hofu kubwa, kwa kuwa mamake mzazi aliishi kwa sindano hizo na mwishowe akakatwa mguu.

"Daktari, mimi ugali wa usiku nimeuacha kabisa," aliniambia. "Wali siugusi. Mbona hii sukari haishuki?"

Nilimwuliza anakula nini badala yake. Akasema sukuma wiki, kipande cha nyama au mayai, na yogati. Nikamwomba siku nyingine aje na pakiti tupu ya hiyo yogati. Alipokuja nayo ilikuwa ya nusu lita, ladha ya vanila, na alikuwa akiimaliza yote kila usiku kabla ya kulala. Tulipiga hesabu pamoja mezani, na jumla ikapita gramu 65 za wanga. Alitazama ile pakiti kwa muda, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nakula ugali wenye picha."

Hatukubadilisha dawa siku hiyo. Alihamia yogati isiyotiwa sukari, kikombe kimoja kwa siku, akaila mchana badala ya usiku. Baada ya wiki sita kipimo cha asubuhi kilikuwa kati ya 7 na 8. Bado tuna kazi ya kufanya, lakini mazungumzo ya sindano tuliyaweka kando.

Simulizi hii haina maana kwamba kila mtu atapata matokeo kama hayo. Kisukari hutofautiana. Ninakueleza ili uone jinsi chakula kimoja kinachodhaniwa kuwa salama kinavyoweza kuharibu juhudi za mwezi mzima.

Maziwa yanavyogeuka

Yogati hutokana na maziwa yaliyochemshwa, yakapoa kiasi, kisha yakatiwa bakteria wa aina mbili wanaopenda joto. Mmoja wao aligunduliwa mwaka 1905 na daktari kijana kutoka Bulgaria, Stamen Grigorov, alipokuwa akichunguza yogati ya kwao katika maabara mjini Geneva. Bakteria hao hula sehemu ya sukari ya asili ya maziwa, iitwayo laktosi, na kuigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayogandisha maziwa na kuyapa uchachu.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulielewa vibaya. Bakteria hawamalizi laktosi yote. Wanakula takriban robo tu. Tena viwanda vingi huongeza maziwa ya unga ili yogati iwe nzito, na unga huo huja na laktosi yake. Kwa hivyo usidanganywe kwamba yogati haina sukari kabisa. Inayo, lakini ni kidogo, na huingia mwilini pamoja na protini na mafuta, vitu ambavyo hupunguza kasi ya sukari kupanda.

Bakteria hao wana faida nyingine. Watu wazima wengi wa bara letu hupata gesi, mngurumo wa tumbo au kuhara wakinywa maziwa, kwa kuwa matumbo yao hayawezi tena kuyeyusha laktosi. Wengi wao huvumilia yogati vizuri, kwani bakteria walio hai husaidia kazi hiyo. Jamii za wafugaji ni tofauti kidogo. Mwaka 2007 watafiti waliochunguza watu wa Kenya, Tanzania na Sudan walionyesha kwamba wengi katika jamii hizo wana badiliko la urithi linalowawezesha kunywa maziwa hadi utu uzima.

Soma kibandiko kabla ya kulipa

Pakiti nyingi hapa nchini zimeandikwa kwa Kiingereza, na maandishi ya maana ndiyo yaliyo madogo kuliko yote. Ukishika pakiti, ipindue. Picha ya mbele iliwekwa ili ununue. Habari unayoitaka iko nyuma.

Kwanza, tazama orodha ya vitu vilivyotumika. Huandikwa kwa kufuata wingi: kilicho kingi hutangulia. Yogati nzuri huwa na orodha fupi: maziwa na bakteria, pengine na maziwa ya unga. Ukiona sukari imefuata maziwa mara moja, irudishe rafuni. Sukari pia hujificha kwa majina mengine kama glukosi, fruktosi, sharubati ya mahindi, maltodekstrini na asali. Asali ni nzuri kwa mambo mengine, lakini kwenye damu ya mgonjwa wa kisukari ni sukari.

Pili, tafuta jedwali la virutubishi. Soma safu ya gramu 100, si ile ya kipimo kimoja, kwa sababu kila kiwanda huamua chenyewe kipimo chake ni kikubwa kiasi gani. Wanga ukiwa gramu 4 hadi 6, nunua. Ukiwa 7 au 8, jiulize kilichoongezwa ni nini. Ukipita 10, hiyo ni kitindamlo, na si chakula cha anayepunguza wanga.

Tatu, jihadhari na maneno. Neno "plain" lina maana kwamba haikutiwa ladha, na mara nyingi huwa ndiyo unayoitafuta. Lakini neno "natural" linaweza kuwa linaeleza ladha tu, kama vile vanila ya asili, huku sukari ikiwa imejaa tele. "Vanilla" si sawa na "plain", ingawa zote ni nyeupe. Ziko pia zilizoandikwa "plain" lakini zikatiwa sukari, hivyo jedwali ndilo la kuamini.

Nne, wasiokula nguruwe watazame kama pana jelatini. Hiyo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na baadhi ya viwanda huitumia kuifanya yogati iwe nzito. Kama ipo, tafuta alama ya halali.

Mwisho, hakikisha pana alama ya ubora wa bidhaa, tarehe ya kuisha haijapita, pakiti haijafura, na imetoka kwenye friji yenye baridi ya kweli. Pakiti iliyofura ni dalili kwamba viumbe wengine wameingia. Maji yanayoelea juu hayana ubaya, koroga ule.

Mbona nisinunue isiyo na mafuta?

Hili ni swali ninaloulizwa kila wiki. Kwa miaka mingi tuliwaambia wagonjwa wakimbie mafuta ya maziwa. Tatizo ni kwamba maziwa yakiondolewa mafuta hupoteza utamu na uzito, na mara nyingi kiwanda hurudisha ladha hiyo kwa sukari na wanga wa mahindi. Anayepunguza wanga hapati faida hapo. Tena mafuta na protini ndivyo vinavyomfanya mtu ashibe asitamani mandazi ya saa nne.

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 136,000 katika nchi 21, zikiwemo Tanzania, Zimbabwe na Afrika Kusini. Waliotumia maziwa na mazao yake zaidi ya mara mbili kwa siku walikuwa na vifo vichache na maradhi machache ya moyo kuliko wasiotumia kabisa. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba maziwa ndiyo yaliyowakinga, lakini haukuonyesha yale madhara tuliyoyahofia. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani bado linashauri mafuta ya aina hiyo yasipite sehemu moja kwa kumi ya nguvu tunazopata kwenye chakula. Kikombe kimoja cha yogati kamili kwa siku hakimvushi mtu kiwango hicho. Lakini kikifuatwa na siagi, nyama ya mafuta na viazi karai, hesabu hubadilika. Kama una kolesteroli ya juu au umewahi kuugua moyo, zungumza na daktari wako kwanza.

Ni vyema pia kutotia chumvi sifa za yogati. Machi 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu viwanda kuandika kwamba kula angalau vikombe viwili kwa wiki huenda kukapunguza hatari ya kupata kisukari aina ya pili, lakini ikalazimisha waseme ushahidi ni mdogo. Hakuna aliyesema kwamba yogati hutibu kisukari. Anayekuambia uache dawa ule yogati anakuua.

Mala na mursik

Usidhani ni lazima ununue vitu vya bei ya juu. Maziwa mala, yale ambayo wazee waliyaita maziwa lala kwa kuwa yalilala hadi yakaganda, yakiwa hayana sukari yana wanga karibu sawa na yogati. Tofauti ni bakteria, kwani wa mala hufanya kazi bila kuhitaji joto jingi. Soma kibandiko hapa pia, maana ziko mala zilizotiwa sukari.

Mursik ya Wakalenjin, inayotiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa, nayo haitiwi sukari. Ninalosisitiza ni maziwa yenyewe. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na kuganda hakuviui vyote. Yachemshwe kwanza.

Na ukila mala kwa ugali, kama wengi wetu tulivyolelewa, jua kwamba mzigo wa wanga uko kwenye ugali. Punguza ugali uwe kama ngumi yako, ongeza mboga, na mala ibaki.

Jitengenezee nyumbani

Huhitaji mashine. Chukua lita moja ya maziwa kamili. Yaache yachemke, kisha yapoe hadi uweze kutia kidole kilichonawishwa vizuri na kukishikilia humo ukihesabu hadi kumi bila kuungua. Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 43 hadi 45. Chota maziwa kidogo katika bakuli, koroga humo vijiko viwili vikubwa vya yogati isiyotiwa sukari iliyo na bakteria hai, kisha rudisha kwenye sufuria na ukoroge taratibu. Mimina katika chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji moto, ufunge, uiache bila kuisogeza kwa saa sita hadi nane. Asubuhi utaikuta imeganda. Itie kwenye friji, na uhifadhi vijiko viwili vya kugandishia nyingine.

Ukitaka iliyo nzito, imimine katika kitambaa safi cha pamba juu ya bakuli, uiache ichuje kwenye friji saa tatu au nne. Maji yanayotoka huondoka na sehemu ya laktosi, na inayobaki huwa na protini karibu mara mbili kwa kijiko. Maji hayo usiyamwage. Yapikie uji wa watoto, kwani wao hawahitaji kupunguziwa wanga.

Kuila kwa raha

Wengi huniambia yogati isiyo na sukari ni chachu mno. Ulimi hujifunza. Wiki ya kwanza changanya nusu ya tamu na nusu ya chachu. Wiki ya pili punguza tamu iwe robo. Wiki ya tatu iache kabisa. Baada ya mwezi ile ya zamani itakuchukiza kwa utamu.

Kwa kiamsha kinywa, tia karanga zilizosagwa kidogo, mdalasini au iliki. Tunda moja la karakara au stroberi mbichi tatu nne huongeza harufu na rangi bila kuleta wanga mwingi. Ndizi mbivu na maembe yaache kwa siku maalumu. Mchana, kata tango, tia vitunguu saumu, dhania na chumvi kidogo, changanya na yogati, ule pamoja na nyama choma. Kuku akilowekwa usiku kucha kwenye yogati, tangawizi na bizari, huwa laini ajabu. Parachichi lililopondwa na yogati na ndimu hushinda mchuzi wowote wa chupa.

Wanaostahili kutahadhari

Kama unadungwa insulini au unameza vidonge vya glibenklamidi, usipunguze wanga kwa ghafla bila kumwona daktari. Dawa iliyopimiwa ugali wa sahani nzima inaweza kushusha sukari ya aliyekula mboga na yogati hadi akatetemeka, akatoka jasho na kuzirai. Kipimo cha dawa lazima kibadilishwe pamoja na chakula.

Wenye maradhi ya figo wapime kiasi chao na daktari, kwa kuwa maziwa yana protini, potasiamu na fosforasi. Wajawazito na wanaonyonyesha wasianze lishe hii kivyao. Mwenye mzio wa protini ya maziwa asile yogati hata kidogo. Na kama umeandikiwa tetrasaiklini, doksisaiklini au siprofloksasini, usimeze pamoja na yogati, kwani madini ya maziwa huizuia dawa kufyonzwa; acha saa mbili zipite.

Jioni ya leo ukipitia dukani, fanya jambo moja tu. Chukua ile yogati uliyozoea, ipindue, usome wanga katika gramu 100, kisha ugawanye kwa nne. Hivyo ndivyo vijiko vya sukari na wanga ulivyokuwa ukila katika kila gramu 100. Ukishajua nambari hiyo, hutahitaji daktari kukuambia ipi utie kikapuni.